Shamba la Mama Limerudi

Fundi alikuwa amefika kwenye ukosi. Shati lilikuwa la mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye shingo nene na maneno mengi, ambaye alikwisha kulirudisha mara mbili akidai linamkaba. Fundi aligeuza ukosi, akauweka chini ya sindano, akakanyaga cherehani, na katikati ya mshono akasikia ukuta wa nyuma ukilia kama mlango wenye bawaba kavu. Hakusimama. Alishona mpaka mwisho wa kona, akakata uzi kwa meno, kisha akatoka kwa mlango wa jikoni kwenda kuangalia.

Lilikuwa ni shamba. Lilikuwa limelala uani, limeegemea ukuta wa nyumba, kuanzia chooni hadi kwenye wigo wa jirani, na lilipofika kwenye tangi la maji lilijikunja kidogo kama mtu anayewapisha wenzake kwenye benchi. Lilikuja na kichuguu chake na jiwe lake bapa. Lilikuja pia na mahindi ya kampuni, yamesimama safu kwa safu, yana urefu mmoja kama yamekatwa kwa rula, na kigingi cha chuma chenye namba. Lilikuwa linanuka dawa, ile harufu ya korido za hospitali.

Fundi hakuwahi kuliona kabla. Aliolewa katika familia ile bonde likiwa limekwisha kuchukuliwa. Lakini jiwe alilijua, maana mama mkwe wake alikuwa akilitaja karibu kila siku wakati wa kuchambua mboga: jiwe bapa, pana upande mmoja, ambalo alikuwa akilikalia kumnyonyesha mwanawe wakati wa palizi.

"Karibu," fundi aliliambia shamba, kwa kuwa hakupata neno jingine. Kisha akaenda kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe wake.

"Mama. Shamba lako limekuja."

Kitanda kililia ndani. "Lipi?"

"Lenye jiwe."

"Nipe kitambaa changu cha kichwa," mama alisema. "Na ile fimbo."

Alitoka taratibu, amejifunga vizuri, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni wa heshima. Aliinama kwa shida, akachota udongo, akaunusa, akausugua kwa kidole gumba.

"Umekonda," alisema. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile anayoitumia kwa wajukuu waliochelewa kutoka shule. "Na umechelewa. Nilikuwa nakungoja tangu nikiwa na meno."

Nyumba zile zilijengwa na kampuni kando ya barabara, mwaka ilipolichukua bonde. Kila familia ilipewa vyumba viwili, jiko na ua. Bonde likafanywa shamba moja, kutoka mtoni hadi mlimani, zao moja, mbegu za kununua kila msimu zilizopakwa rangi ya waridi ili mtu asije akazila. Miti iling'olewa, mipaka ikasawazishwa. Waliokuwa wakulima wa bonde wakawa walinzi wa bonde, madereva wa bonde, wafungashaji na wapulizaji dawa wa bonde, na asubuhi walikuwa wakienda kwa miguu hadi kwenye geti, wakionyesha vitambulisho ili waruhusiwe kuingia mahali walipozaliwa.

Kufikia mchana majirani walikuwa wamejaa uani. Walikuja kama watu wanavyokwenda kumjulia hali mgonjwa aliyetoka wodini. Walipiga hodi, wakaulizia safari, wakasema limebadilika kidogo lakini sura ni ileile. Muuza mkaa, mama wa nyumba ya tatu, alileta beseni la jivu na kulinyunyiza taratibu pale udongo ulipokuwa umepasuka. Na walipokuwa wanaaga, mmoja mmoja, walimvuta fundi pembeni.

"Halikusema chochote?" muuza mkaa aliuliza.

"Kama nini?"

"Kama limeliona la kwetu njiani. Lilikuwa juu yake kidogo. Lina mteremko, lina mti wa mkwaju uliopigwa na radi."

Fundi alisema bado halijasema kitu. Muuza mkaa aliitikia kwa kichwa, akachukua beseni lake, akaenda zake. Jioni ile nyua zote za mstari ule zilifagiliwa, na watu wakaacha malango ya nyuma wazi.

Mume wa fundi aliitwa Bomba na kila mtu, hata na watoto wake wakiwa wamefurahi. Jina lilitokana na bomba la kupulizia dawa alilolibeba mgongoni tangu ujana, ambalo mikanda yake ilimchimbia mifereji miwili mabegani. Alikuwa mtu wa mizaha. Alipenda kusema kwamba mbu wa mtaa ule hawamuumi, wanamwamkia tu na kupita.

Alirudi kutoka kazini jua likiwa limeinama. Alikuta watu wachache bado wamekaa uani. Aliangalia kichuguu, akaangalia jiwe, akavua kofia.

"Mama," alisema, "lile jiwe."

"Ndilo."

Alipiga hatua moja. Udongo ukavutika, kama mtu anavyovuta pindo la nguo lisikanyagwe, na pale ulipokuwa pakabaki saruji tupu. Bomba alicheka. Alivua mabuti akayaweka mbali, karibu na choo, akajaribu tena. Shamba likasogea tena. Alikwenda kwenye tangi akaosha miguu kwa sabuni, akaisugua kwa jiwe la kisigino, akaisuuza kwa maji ya ndimu ambayo mkewe alimkamulia. Kila alipokanyaga, shamba lilirudi nyuma kwa adabu, bila haraka, mpaka likawa limejibana lote kwenye wigo wa jirani, mahindi yamesongamana kama watu kwenye foleni.

Majirani waliangalia pembeni. Mmoja alianza kusifia ukosi wa shati lililotundikwa dirishani.

"Limechoka," mama alisema. "Limetembea mwendo mrefu. Liache lilale."

"Sawa, mama," Bomba alisema, akakaa kizingitini.

Baadaye, wageni walipoondoka, alibaki hapo akimtazama mkewe akipiga pasi.

"Nilikuwa nalijua," alisema.

"Nini?"

"Mahali lilipokuwa. Walisawazisha kila kitu, lakini jiwe na kile kichuguu viliwashinda, vikabaki vinachungulia. Nikifika pale najua kwamba hapa ndipo nilipojifunza kutambaa. Nilikuwa namwomba msimamizi anipangie mimi safu ile. Nikajiambia, akipangiwa mwingine atamwaga dawa bila huruma. Mimi nilikuwa napuliza kidogo."

Fundi aliisimamisha pasi wima. "Kidogo."

"Kidogo sana, mama watoto. Nashika mkono hivi." Aliinua mkono kumwonyesha, vidole vimelegea kwenye kishikio kisichokuwepo, na kule uani shamba likajikunyata.

Mkewe aliuona mkono ule na akaliona shamba. Alichukua pasi akaendelea na suruali iliyokuwa mezani.

Mahindi ya kampuni yalianguka kabla juma halijaisha, yote upande mmoja, kama yameamriwa. Mama alikataza mtu kupanda kitu. Alisema mgonjwa halimishwi. Walilifunika majani makavu, wakaliwekea samadi iliyooza na jivu la majiko ya mtaa mzima, kisha wakaliacha.

Mvua ya kwanza ilipopita, shamba lilitoa lililokuwa nalo. Hakuna aliyekuwa amepanda. Uliota mtama mwekundu, ule ambao shina lake ukilivunja lina utamu. Ziliota kunde za kutambaa, na maboga, na ufuta, na mboga ndogondogo ambazo kampuni iliziita magugu. Uliota pia mmea mmoja wenye majani kama masikio ya sungura, ambao hakuna aliyeujua isipokuwa mama. Mama alilitaja jina lake mara moja, asubuhi, akiwa anapita, na ilipofika saa ya chakula alikuwa amekwisha kulisahau.

Hapo ndipo wanawake wa mstari ule walipoanza kuja kila jioni. Walikuwa wadogo bonde lilipochukuliwa, na kila mmoja alikuwa amebakiwa na kipande. Muuza mkaa alikumbuka kwamba kunde hupandwa miguuni pa mtama ili zipate pa kushika. Mfungashaji mmoja, ambaye mchana kutwa alikuwa akifunga mahindi ya kampuni kwenye magunia, alikumbuka kwamba boga huachwa litambae kila mahali ili ardhi isipigwe na jua. Mwingine hakukumbuka kitu chochote ila namna bibi yake alivyokuwa akishika jembe, na alipowaonyesha, watu wakasema ndivyo, ndivyo kabisa. Kila mmoja peke yake alijua kidogo. Wakiwa pamoja walijua karibu yote, na wakagombana juu ya yaliyobaki.

Msimu wa kwanza ulipokomaa, mama aligawa mbegu kwa konzi. Watu walizipanda kwenye ndoo zilizotoboka, kwenye matairi, kando ya mifereji ya maji machafu, katikati ya njia ya miguu na barabara. Mashamba mengine nayo yakaanza kurudi. La mjane wa nyumba ya mwisho lilifika wakati anaanika nguo, likaingia nyumba isiyo yake, na ikabidi mtu alielekeze. Jingine lilikuja kwenye nyumba ambayo wenyewe walikwisha kuhamia mbali na hawakuacha anwani. Lilikaa mlangoni siku nyingi, halikubali kwenda kwingine, na majirani wakalipalilia kwa zamu kama wanavyomlea yatima. La muuza mkaa halikuja. Aliendelea kufagia.

Bomba alikuwa akiyatazama yote haya kutoka kizingitini. Kila alipotoka kazini alioga, akavaa nguo safi, akakaa hapo. Mkewe alipolima, yeye alimnolea jembe. Alipopanda, yeye alimchagulia mbegu, akizisukuma kwenye ungo mpaka ukingoni, naye fundi akizipokea. Kunde hazikukataa kuliwa naye. Zikishaiva jikoni zilikuwa hazina shida. Lakini binti yake mdogo alipomletea ganda bichi kutoka shambani, lilinyauka mkononi mwake kabla hajaliangalia vizuri.

"Linakuonea," binti alisema.

"Halinionei," Bomba alisema. "Linanijua."

Afisa wa kampuni alikuja kwa gari safi. Alikuwa kijana mpole, ana kofia ngumu ya njano, na futi ya kupimia. Alieleza kwamba bonde limekuwa na mapengo, na kwamba trekta moja limetumbukia pua kwanza kwenye pengo la shamba la mjane. Hakushangaa. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyeletewa kazi isiyo yake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Bibi, shamba hili ni mali ya kampuni."

"Lichukue basi," mama alisema. "Sijalificha."

Walileta trekta na minyororo. Walifunga mnyororo kwenye kichuguu, mwingine kwenye jiwe. Trekta liliunguruma, likatoa moshi mweusi, likachimba barabara kwa magurudumu yake, mwisho likazima. Shamba halikusogea hata upana wa unyasi. Afisa alifuta jasho, akakubali maji ya kunywa aliyopewa na fundi, akafikiri.

"Sawa," alisema. "Litakaa hapa. Lakini kuwa hapa hakubadilishi mwenyewe. Ni la kampuni popote litakapokwenda. Na mashamba ya kampuni yote yanapulizwa dawa, hatuwezi kuacha moja likaambukiza mengine." Alimgeukia msaidizi wake. "Mpulizaji wa eneo hili ni nani?"

Fundi aliangalia ndani ya kikombe alichorudishiwa, kana kwamba kuna kitu kimebaki.

Bomba alikuja siku iliyofuata, alasiri, kwa mlango wa mbele wa nyumba yake mwenyewe, amevaa ovaroli na mabuti, ana bomba mgongoni. Msimamizi alikuwa nyuma yake. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, katikati ya mtama, akichambua ufuta kwenye ungo. Majirani walisimama kwenye wigo.

"Mama," Bomba alisema, "toka kidogo."

"Niende wapi?"

"Ndani tu. Mara moja."

"Nilishatoka mara moja," mama alisema, akaendelea na ufuta wake.

Bomba alibaki ameshika kishikio. Mkono wake ulikuwa umelegea, ule mkono wa kidogo. Shamba lilipouona lilianza kupanda ukuta. Lilipanda kwa utaratibu, mtama kwanza, kisha maboga yakivutwa na kamba zake, kichuguu, jiwe na mama juu yake, mpaka likawa limetandazwa lote juu ya paa la bati. Bati lililalamika lakini likahimili. Ua ukabaki saruji tupu. Mama alirekebisha ungo mapajani na kutazama mbali, kwa kuwa kutoka pale aliweza kuliona bonde zima kwa mara ya kwanza tangu alipoondolewa.

"Unaona nini, mama?" fundi aliuliza kutoka chini.

"Mahindi," mama alisema. Alitazama tena, akakinga macho kwa kiganja. "Hakuna mtu. Hakuna hata ndege. Kumbe pamekuwa hivi."

Msimamizi alikohoa. "Puliza juu," alisema. "Bomba linafika."

Ni kweli lilifika. Bomba alilijua bomba lake. Alimwangalia mama yake, ambaye nyayo zake zilikuwa zinaning'inia ukingoni mwa paa, zimepasuka visigino, zina udongo. Akafungua mkanda wa bega la kushoto, kisha wa kulia, akaliweka chini taratibu lisimwagike.

"Nitafutie kosa lolote uniandikie," alisema. "Lakini lile ni paa la nyumba yangu."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alisema atapatikana mwingine, akalibeba bomba mwenyewe, na kwa kuwa hakuzoea, alitembea kombo. Mwingine alipatikana kweli, naye shamba likampandia paa vilevile, mpaka kampuni ikaona inapoteza dawa.

Siku ile shamba lilishuka jua linapozama. Lilimteremsha mama mlangoni pa jikoni, likajitandaza mahali pake. Uso wa Bomba ulikuwa na matumaini ambayo mkewe alishindwa kuyatazama. Alikuwa amevua ovaroli lote, amebaki na kaptula. Alinyanyua mguu wa kulia, akaushusha polepole kama anayeingia mtoni.

Udongo ukavutika.

"Haya," alisema. "Kesho."

Hakupata kazi nyingine ya kueleweka. Alibeba mizigo sokoni siku mbili tatu, kisha mgongo ukagoma. Akajifunza kushona vifungo, na akawa hodari. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema vifungo vya Bomba having'oki hata ukivutwa na ng'ombe. Alioga asubuhi na jioni. Lakini alipotoka jasho, fulana zake zilipata madoa ya manjano yasiyotoka, na chumba kikapata ile harufu ya korido. Harufu ilikuwa inatoka ndani. Daktari wa zahanati alimpima, akamwambia avute subira. Hakusema subira ya nini.

Mama alifariki wakati mtama umeinamisha vichwa. Alikuwa ameagiza mapema, bila kuzungukazunguka, kwamba asipelekwe kwenye makaburi ya kampuni yenye namba. "Mnilaze miguuni pa jiwe," alisema. "Na msikate kunde kunipisha. Pitisheni pembeni."

Majirani walichimba. Shamba lilijifungua vizuri, udongo ukawa laini, na wachimbaji walisema hawajapata kuchimba kaburi jepesi namna ile. Jeneza lilipitishwa juu ya maboga kwa mikono. Bomba alisimama kizingitini na shati lake jeupe. Ndiye mwana wa pekee, na alijua mahali pa mwana ni wapi, lakini kila aliponyanyua mguu, kaburi lilisogea pamoja na shamba lote, na waliobeba jeneza wakayumba. Akaacha. Kaka wa fundi alishika upande wa kichwa badala yake.

Walipofika mahali pa kutia udongo, muuza mkaa alichota konzi, akavuka nayo mpaka kizingitini, akamtilia mkononi. Bomba alifumba vidole. Udongo ukapenya katikati ya vidole vyake, ukashuka sakafuni, ukapita chini ya miguu ya watu na kurudi kaburini peke yake. Watu walisogea wakaupisha.

"Udongo umefika," mkewe alimwambia. "Umetoka mkononi mwako."

Bomba aliitikia kwa kichwa, bado anakiangalia kiganja.

Afisa alikuja baada ya matanga kusema kwamba hairuhusiwi kuzika katika ardhi ya kampuni. Alipowaona watu bado wamekaa, aliona aibu, akavua kofia, akala alichopewa, akaondoka na ujumbe wake. Vijana wake walirudi juma lililofuata wakapigilia kigingi kipya chenye namba karibu na miguu ya kaburi. Fundi akafungia hapo kamba ya kuanikia nguo.

Halafu kampuni iliacha kutumia watu wa kupuliza. Ilileta ndege ndogo. Ilikuwa ikilizunguka bonde asubuhi, na upepo ukiwa wa upande wa barabara, dawa ilikuja mpaka kwenye nyumba kama umande mwembamba. Siku ya kwanza mashamba yote ya mstari ule yalipanda mapaa kwa mpigo, na hayakusaidika, maana juu ndiko dawa ilikokuwa.

Fundi alikusanya viroba vya unga kutoka kila nyumba. Akavifumua, akavifua, akaviunga. Alishona kwa majuma, mshono mara mbili kila pindo, wateja wake wakasubiri, na kitambaa kilipokuwa kikubwa kuliko chumba kilitokea dirishani na kuendelea kwenda nje. Lilipokamilika turubai la kwanza, walilijaribu kwenye shamba la mama. Watu wa nyumba zote walishika kingo zake. Ndege iliposikika, walilitandaza, wakaliteremsha juu ya mtama taratibu kama wanavyomfunika mtoto aliyelala.

Upande wa kizingiti ulikosa mtu. Bomba aliushika.

Shamba halikumsogelea wala halikujivuta. Pengine halikumwona. Vichwa vya mtama vililisukuma turubai kutoka chini, vikigusa vifundo vya vidole vyake kupitia kitambaa, na yeye hakubadili mkono hata ulipokufa ganzi. Ndege ilipita, ikazunguka, ikapita tena. Ilipokwisha, watu walitikisa turubai na kulikunja. Bomba alikuwa wa mwisho kuachia.

Baada ya hapo yakashonwa mengine, moja kwa kila shamba, na moja la lile shamba lililobaki yatima. Mtama mwekundu ukawa unauzwa sokoni. Watu wa mtaa wa pili walikuja kuomba mbegu, wakapewa, wakaonyeshwa, nao wakagombana juu ya yaliyobaki. Bonde halikubadilika. Mahindi yalisimama kutoka mtoni hadi mlimani, yana urefu mmoja, na kampuni iliyafukia mapengo kwa kifusi kilicholetwa na malori, ikapanda juu yake.

Fundi ndiye aliyekiona kivuli kwanza. Alikuwa anapalilia karibu na jiwe, jua limegeukia upande wa barabara, na Bomba alikuwa amesimama kizingitini na shati la mtu mkononi, anakata uzi. Kivuli chake kilitoka miguuni pake, kikavuka saruji, kikaingia shambani. Shamba halikujivuta. Kivuli kililala juu ya majani ya kunde, na kunde zikatulia.

"Usisogee," alimwambia mumewe.

"Kuna nini?"

"Angalia chini."

Bomba aliangalia. Kisha alinyanyua mkono, ule wa kulia, akaupeleka mbele, na mkono mweusi ukapita kwenye mashina ya mtama, mmoja baada ya mwingine, na mashina hayakuinama wala hayakunyauka.

Tangu siku hiyo, jua likiinama, Bomba huweka vifungo pembeni na kusimama. Watu wa mtaa wamezoea, wanamsalimia na kupita. Hakuna anayekatiza mbele yake saa ile. Anaanza akiwa na kivuli kifupi, kinaishia kwenye boga la kwanza, na anangoja. Jua linavyoshuka ndivyo anavyoingia ndani zaidi. Anapita kwenye ufuta. Anapita kwenye ule mmea wenye masikio ya sungura, ambao bado hauna jina. Kikohozi kikimshika anashika mwimo wa mlango ili asitikisike, maana akitikisika anapotea njia na inabidi aanze upya.

Jioni nyingi mawingu hutangulia, au jua huzama mapema nyuma ya rundo la kifusi cha kampuni kando ya barabara, naye anakuwa hajafika. Jioni moja mkewe alikuwa amekwisha kupakua, watoto wamenawa, chakula kinapoa.

"Baba watoto," aliita kutoka ndani. "Njoo ule."

"Nakuja," Bomba alisema, bila kugeuza kichwa. "Ningoje kidogo. Ndiyo kwanza nafika kwa mama."